Mikebe ya Mke Wangu na Kikohozi cha Bosi

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Bosi ana kikohozi. Mungu mkubwa! Simwombei mabaya. Ila nafasi ni nafasi.

Kiwandani kwetu tunachapa madaftari na kalenda. Mimi ni mkataji wa karatasi, mwaka wa kumi na moja huu. Ijumaa Bosi atamtaja msimamizi mpya wa zamu, na kwa hesabu zangu wanaofaa ni wawili tu: mimi na Rula. Rula hubandika majalada. Tunamwita hivyo kwa sababu hata mkate wake wa mchana huupima kabla ya kuukata.

Leo asubuhi Rula kaingia ofisini kwa Bosi na chupa ya chai ya tangawizi. Bosi hajacheka tangu mashine ya pili iharibike. Leo kacheka! Nimemwona kwa macho yangu kupitia kioo. Nusura nikate kidole.

Mkono mtupu haulambwi. Kama tangawizi peke yake inamchekesha, je, tangawizi, ndimu, karafuu, mdalasini na asali? Ataandika barua ya uteuzi papo hapo. Nimepita sokoni, nimenunua tangawizi na ndimu. Vingine vimo jikoni. Mke wangu hayupo, kaenda kumtunza dada yake aliyejifungua, atarudi Jumamosi. Wakati anaondoka alinieleza jambo refu kuhusu jiko. Sikulisikia vizuri, nilikuwa natafuta soksi.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Aibu!

Jiko la mke wangu ni nchi yenye sheria zake. Hakuna mkebe unaosema kweli. Sukari hukaa kwenye mkebe ulioandikwa chumvi, dengu kwenye kopo la maziwa, mchele kwenye ndoo ya rangi. Miaka tisa ya ndoa imenifundisha: soma kilichoandikwa, kisha usikiamini.

Asali ilikuwa imekwisha. Basi nikachota sukari, vijiko vinne, kutoka mkebe wa chumvi, kama mtu anayeijua nyumba yake. Sikuonja. Mpishi hodari haonji.

Ilikuwa chumvi. Bosi kanywa funda moja na kulitema lote juu ya kalenda ya mwakani, kuanzia Januari hadi Machi. Akaniuliza kama nina ugomvi naye. Rula akaleta kitambaa cha kufutia. Alikuwa nacho tayari mfukoni, mnafiki yule!

Nimewaza sana. Jibu ni moja: mke wangu kaichanganya upya mikebe kabla ya kuondoka. Zamani ilidanganya kwa utaratibu. Sasa inadanganya ovyo.

Juu ya hayo, mafua ya Bosi yamenihamia. Pua imeziba. Sisikii hata harufu ya wino.

Jumatano, tarehe 5 Juni, asubuhi
Leo nimefanya kazi ya kitaalamu. Tangawizi nimeitwanga, nimeichemsha na karafuu mpaka dirisha la jikoni likafunikwa na mvuke. Nimeipua, nimekamulia ndimu mwishoni, nimetia asali mpya ya dukani yenye nyuki kwenye chupa.

Ikabaki mdalasini. Kwenye rafu ya juu pana mkebe ulioandikwa MDALASINI. Nikacheka peke yangu. Unamtega nani? Pembeni yake pana mkebe ulioandikwa KAKAO, ndani mna unga wa kahawia. Ndio huo! Vijiko vitatu. Rangi ikawa nzito, ya kifalme.

Mchana
Ushindi! Bosi kanusa kwanza, kwa wasiwasi. Kaonja. Kamaliza kikombe, kaomba cha pili. Kasema hajapata kunywa kitu cha namna hii maishani. Kauliza kuna nini ndani. Nikamwambia ni siri ya marehemu bibi yangu. Bibi yangu alikuwa dereva wa trekta, na chai alichemshiwa na babu. Rula alipima jalada moja mara tatu.

Jioni
Nimekwisha.

Nilikuwa natafuta sabuni chini ya karo. Nimekuta pakiti tupu. Dawa ya mende. Unga wa kahawia. Usiguse kwa mikono mitupu. Pakiti ni tupu, je, unga wake umehamia mkebe gani?

Nimempigia mke wangu mara saba. Hapatikani. Simu yake hushika mtandao akisimama mlangoni kwa dada yake, na inaonekana leo hasimami mlangoni. Kunusa siwezi. Kuonja sithubutu. Nimemwaga chembe za unga ule sakafuni nione. Wamekuja mende wawili, wamekula, wameondoka. Mmoja amerudi. Mwingine sijamwona tena. Sasa hilo lina maana gani?

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Bosi hakuja kazini. Mwanamke ambaye hata alipovunjika mguu alikuja kazini na plasta! Simu yake imezimwa.

Nimekata madaftari mia nne mshazari. Sikuona kitu ila vikombe viwili, na mimi nikimmiminia huku nikitabasamu. Nilifikiri juu ya watoto wake, ambao huja kiwandani wakati wa likizo kuokota vipande vya karatasi za rangi. Saa nne nikaushika kwapani mkebe wa KAKAO, ambao nilikuja nao kazini asubuhi, ili daktari ajue pa kuanzia, nikatoka mbio. Rula, kwa kudhani nakwenda kujipendekeza, akaichukua chupa yake ya chai na kunifuata mbio vilevile.

Tukafika kwa Bosi tunahema. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena. Kimya! Hapo nikavunjika. Nikakiri mbele ya mlango uliofungwa, kwa sauti kubwa, majirani wakisikia: kwamba kinywaji hakikuwa cha bibi, kwamba sikujua nimetia nini, kwamba huenda ni dawa ya mende, kwamba uteuzi siutaki tena, aamke tu. Nikakiri pia kwamba niliificha rula ya Rula mwezi wa pili. Rula akasema alijua.

Mlango ukafunguliwa. Bosi! Kavaa gauni la kulalia, alama ya mto shavuni. Kauliza nani kafa. Kumbe baada ya siku tisa za kukohoa usiku kucha, jana alilala kama mtoto, akapitiliza, na simu ikaishiwa chaji.

Sikuwa na nguvu ya kufurahi bado. Lini sumu inaanza kazi? Ndipo simu yangu ikalia. Mke wangu. Kaniuliza kulikoni, simu saba. Nikamwuliza kwenye mkebe wa kakao mna nini. Kasema kakao. Na wa mdalasini? Mdalasini. Na dawa ya mende? Aliimwaga yote nyuma ya jiko wiki iliyopita. Kasema Jumapili yake nzima aliitumia kupanga kila kitu kwenye mkebe wenye jina lake, maana alijua nitabaki peke yangu na hakutaka nihangaike. Na kwamba aliniambia.

Nimekaa kizingitini kwa watu, nikalia. Sioni haya kuyaandika haya. Sikuua mtu! Ninaye mke anayenihurumia kiasi hicho, na Bosi yu hai! Bosi aliuchukua mkebe, akaunusa, akasema kakao nzuri hii, akaingia ndani kubandika maji. Tulikunywa sote watatu. Hata chai ya Rula ilikuwa tamu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Msimamizi mpya ni Mama Sindano, anayeshona migongo ya madaftari. Miaka ishirini kazini, na hajawahi kumpelekea Bosi hata maji. Mimi na Rula tumepiga makofi. Kwa kweli sikuumia. Siku nzima nilikuwa mwepesi. Bosi kanifokea nusu saa kwa yale madaftari ya mshazari, bila kukohoa hata mara moja. Nilimsikiliza kwa raha.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Mke wangu amerudi. Nimemsimulia yote. Kacheka mpaka kakalia begi lake. Kisha kaniuliza kwa nini sikumwuliza mapema. Kasema mwerevu hajinyoi. Ni kweli. Nimeapa mbele yake: hila basi, kujipendekeza basi. Nimetubu.

Ila Mama Sindano anachechemea. Goti la kushoto. Hilo si hila, ni ubinadamu. Dawa ya kuchua ya vitunguu saumu, mafuta na pilipili itamfaa sana, na leo hii Rula kaonekana sokoni akichagua vitunguu saumu. Mwizi wa mawazo! Jumatatu lazima nimtangulie. Pilipili nimeshazitwanga, kumi na mbili. Mke wangu anasema mbili zingetosha, lakini yeye hajaliona goti lenyewe.