Panya wa Wendy na Mashine Mbili za Moyo

Kwa Dkt. Mathenge,
Mkuu wa Maabara,
Nyeri.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu kutoka Kutus. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa haya utakayoyasoma. Mimi ni Kagure, muuzaji wa mahindi na maharagwe, mama yake Wendy anayefanya kazi kwako. Ninaandika kwa heshima, lakini nimeumia.

Kwanza, ni aibu. Nimepigana na panya katika stoo yangu tangu Wendy akiwa mgongoni. Nimetega mitego, nimeweka sumu, nimefuga paka wakanenepa kwa uvivu. Nia yangu ilikuwa moja tu, mioyo yao isimame. Leo msichana niliyemsomesha kwa mahindi waliyobakisha panya anaenda Nyeri kuhakikisha mioyo hiyo inapiga sawasawa! Hata wewe jiulize, Daktari.

Pili, mashine. Wendy alikuja nyumbani Pasaka akashinda kwenye simu. Nikamuuliza kuna nini. Kumbe kuna panya amepigwa picha ya mawimbi ya sauti, kama ile ya mama mjamzito, kisha akaingizwa kwenye MRI, ile mashine kubwa ya sumaku, na mashine hizo hazikubaliani moyo wake unasukuma damu kiasi gani. Nikamwambia sokoni mizani mbili zikibishana tunatupa moja. Akacheka. "Mum, hii ya sauti ni ya haraka, lakini inaona moyo kwa upande na mengine inakisia. MRI inauona wote, ila inachukua muda, na panya lazima apewe dawa ya usingizi. Ndiyo maana tunazilinganisha." Alilinganisha mpaka ugali ukapoa.

Tatu, na hapa ndipo uvumilivu uliponiishia, panya huyo hulazwa kwenye kitanda chenye joto, hunyolewa kifua na kupakwa mafuta. Mzee Mugo, mteja wangu ambaye moyo wake unamsumbua, alikuwa dukani akipimiwa maharagwe, akasikia yote. Akauliza polepole, "Ati huyo panya alingoja foleni miezi mingapi?" Yeye bado anangoja kupimwa moyo.

Nne, umemharibia macho. Nikishusha gunia nikasimama kidogo kuvuta pumzi, Wendy ananiangalia vile anavyowaangalia wale panya wake. "Mum, miguu ilianza kuvimba lini?" Mimi si panya, Daktari. Miguu ya mtu anayesimama sokoni kutwa huvimba.

Kwa hivyo ninaomba kwa unyenyekevu uifunge kazi hiyo. Ikishindikana, mwandikishe Mzee Mugo kama panya, hatajali kunyolewa. Na hilo nalo likishindikana, nirudishie binti yangu stoo, tuwaue pamoja.

Nisalimie wafanyakazi wote, mama watoto na watoto wenyewe. Panya usiwasalimie.

Wako mwenye masikitiko,
Kagure

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Wendy alinivuta hadi hospitali. Picha ya sauti ilisema moyo wangu hauna neno, ila kona moja haikuonekana vizuri. Daktari wa hapo alitaka twende nyumbani. Wendy akakataa kuinuka kitini mpaka niingizwe kwenye MRI. MRI ikaionyesha ile kona, na ugonjwa ulikuwa hapo hapo. Nimeanza dawa. Magunia nimekatazwa. Barua ningeirarua, lakini nilikuwa nimeiandika vizuri sana. Basi usifunge chochote, linganisheni hata usiku. Mzee Mugo naye Wendy amemtafutia nafasi ya kupimwa Jumanne. Na mkipungukiwa na panya, niambie tu, nitawaleta wakiwa hai.