Muhuri wa Injinia Apostolov

Metodi Karadzhov alikuwa amejibanza kwenye mlango B wa ghorofa moja mjini Pleven, akikwepa mvua na akimkwepa pia bwana mmoja ambaye yeye Metodi alimuuzia tiketi za sarakasi isiyokuwepo, aliposikia matusi. Matusi mazito, ya mtu mzima. Yalikuwa yanatoka kwa bibi wa miaka sabini na tisa aliyekuwa akipigana na sanduku lake la barua.

"Nimeshinda gari tena!" alifoka Bibi Velichka, akizirusha bahasha sakafuni. "Wiki hii peke yake nimeshinda magari matatu, na hata baiskeli sijui kuendesha! Orodha ya sufuria, orodha ya mapazia, dawa za magoti! Sasa barua ya dada yangu nitaionaje humu?"

Mtu mwenye moyo angesema pole, bibi, akamwokotea bahasha zake. Metodi aliangalia ukutani. Masanduku arobaini, na yote yalikuwa yametapika makaratasi. Akajisemea, eh, Mungu hamtupi mja wake.

Hapa lazima nikwambie mtaji wa Metodi ulikuwa nini. Ulikuwa uso. Uso wa heshima, usio na alama, ukiuona leo kesho umeusahau. Alikuwa akimaliza kuutapeli mtaa mmoja, anahamia wa pili, na hakuna anayemjua ila mama yake mzazi, ambaye hadi leo anaamini mwanawe ni mkaguzi wa lifti. Uso huo ukijulikana tu, Metodi amekwisha.

Baada ya siku mbili alirudi na tai shingoni, beji yenye picha kifuani, na muhuri mfukoni.

"Injinia Apostolov, Shirika la Sanduku Safi," alisema mlangoni kwa Bibi Velichka. "Tunazuia makaratasi, bibi. Unalipa mara moja tu, leva ishirini, unasahau habari za magari."

"Mnazuiaje?"

"Kwa utaratibu wa Ulaya."

"Ulaya gani, mwanangu? Si ndiyo hao hao wanaoniletea sufuria?"

"Ndiyo maana wanajua kuzizuia, bibi."

Bibi Velichka alimtazama sana, akamtazama na tai, akatoa leva ishirini. Akatoa na ufunguo wa sanduku. Kufika jioni, mlango B mzima ulikuwa umelipa. Yule mzee wa ghorofa ya saba alilipa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya jirani yake asiyempenda, ili naye asipate barua yoyote.

Na ajabu ni kwamba dawa ilifanya kazi! Wiki nzima Metodi alifika asubuhi, akafungua masanduku, akakusanya kila bahasha, akaigonga muhuri: MPOKEAJI AMEFARIKI. Kisha akazirudisha posta. Mwenye kuuza sufuria hana haja na maiti, kwa hiyo magari yakakoma, mapazia yakakoma. Huenda ndiyo bidhaa pekee ya kweli aliyowahi kuiuza maishani mwake. Kosa lake lilikuwa moja, hakusoma bahasha. Kusoma ni kazi, na yeye na kazi walishaachana zamani.

Alhamisi kengele ya Bibi Velichka ililia. Alipofungua, akiwa na rola za nywele kichwani, alimkuta dada yake Rada kutoka Vidin. Rada alikuwa amevaa nyeusi tangu utosini hadi unyayoni, ameshika bakuli la ngano ya msiba iliyochemshwa na sukari. Bakuli likamponyoka.

"Wewe si umekufa!"

"Nimekufa lini?"

"Tarehe nne! Barua yangu imerudi na muhuri wa serikali! Nimekupigia kwa simu ya nyumbani siku mbili, hupokei!"

"Simu naweka kwenye droo, inanipigia kelele."

"Nimebandika matangazo ya msiba arobaini, Velichka! Vidin nzima inakulilia!" Akachomoa moja kwenye mkoba, pamoja na ile barua iliyorudi.

Bibi Velichka alivaa miwani, akasoma kifo chake taratibu. "Ndiyo picha gani hii? Nina videvu viwili!"

"Ulikuwa maiti, nilijuaje utalalamika?"

Halafu wote wawili wakaanza kulia. Tangu Rada aolewe Vidin, miaka hamsini na minane, waliandikiana kila mwezi bila kukosa. Na Rada ana moyo mgonjwa, unaoenda kwa vidonge. Alikaa saa nne ndani ya basi, bakuli mapajani, akijiuliza nani atamfumba dada yake macho.

"Ningefia njiani," Rada alisema. "Ningekufa kwa ajili ya mtu mzima aliyejaza rola kichwani!"

Bibi Velichka alifuta machozi. Aliigeuza bahasha ya Rada, akautazama ule muhuri, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa mekundu. Yule injinia kuyachukua makaratasi yake, sawa, mwenyewe alimlipa. Lakini huyu mtu alitaka kumwua dada yake.

"Rada, uliyapiga chapa wapi matangazo haya? Karatasi nzuri."

Jumamosi Injinia Apostolov alipokea simu. Ni yule bibi wa mlango B, mwenye sauti ya asali: dada yake naye anasumbuliwa na makaratasi, na ana marafiki kumi na wawili, wajane wote, wote wana pensheni. Metodi alifika kabla chai haijapoa. Wakampa banitsa, andazi lao la jibini, wakampa raki ya plamu, pombe kali, wakampa nyingine.

"Vua koti, mwanangu, jasho litakuua," alisema Rada, akalichukua koti pamoja na beji, akaenda kulitundika jikoni. Alikawia kidogo huko. Simu yake ya mkononi, aliyonunuliwa na mjukuu, hajui kupiga nayo ila picha.

Sasa, Pleven, kama kwao kote, tangazo la msiba likishabandikwa mlangoni haligusi mtu. Askari haligusi, mwenye nyumba haligusi, hukaa hapo hadi mvua ilichukue. Wenye ruhusa ya kuling'oa ni wafiwa tu.

Jumatatu Metodi aliingia mtaa mpya akipiga mluzi. Kwenye mlango wa kwanza alijikuta yeye mwenyewe, ndani ya fremu nyeusi.

"Kwa huzuni kuu tunawaarifu kuondokewa na Injinia Apostolov wa Sanduku Safi, aliyewaua watu wazima kwa muhuri. Aliowahi kuwagongea kengele waje wamuage. Akionekana anatembea, msiogope, mshikeni."

Mlango wa pili, yuko. Kituo cha basi, yuko. Nguzo ya umeme, yuko mara tatu, anatabasamu. Metodi akaanza kubandua kwa kucha zote kumi.

"Wee! Huna haya?" Mzee mmoja mwenye mfuko wa pilipili alisimama. "Unachana tangazo la maiti?"

"Babu, ni la kwetu!"

"La kwenu nani? Marehemu ni nani yako?"

Madirisha yalifunguka. Wanawake walishuka na mifagio. Metodi alitazama kushoto, akatazama kulia, akasema ukweli, na kwa kweli hakuwa na mazoezi.

"Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Mzee alimsogelea, akaangalia karatasi, akaangalia uso. "Ehee. Kumbe ndiye wewe uliyemfisha mke wangu kule mlango B wiki iliyopita, tukakosa barua ya hospitali!"

Alikimbia mitaa sita, na kila mlango alioupita ulikuwa na uso wake. Leva za mlango B alizirudisha zote, akisindikizwa na mifagio.

Sasa anaishi kwa mama yake, hatoki. Na tangu matangazo yale yabandikwe kila mtu anaujua uso wake na anapoishi, hivyo wachonga mawe ya makaburi wa mkoa mzima wameipata anwani. Kila asubuhi sanduku linafurika: orodha za marumaru, orodha za mashada, majeneza ya mwaloni kwa bei ya msiba. Metodi huyagonga muhuri yote, MPOKEAJI AMEFARIKI, akayarudisha posta.

Kesho yake huja mengine, manene zaidi, na kadi ya rambirambi juu.