Herufi Tatu Chini ya Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Dada amekoroga rangi nyeusi. Anapaka upya mti wa ukoo uliochorwa na baba kwenye ukuta wa sebule: mababu shinani, watoto matawini, na vifupisho vyake vya Kilatini. Baba alikuwa karani wa vizazi na vifo. Ob., amefariki. D.s.p., amefariki bila mtoto. Utotoni tuliviimba tukiosha vyombo, baba akicheka mpaka miwani inamdondoka. Tumebaki wawili tu wa kuvisoma. Daktari ameshanung'unika kuhusu moyo wangu, na leo nimemfuma dada akipima kwa rula nafasi chini ya jina langu. D.s.p.! Sitaki!

Jumanne, 4 Machi
Nina mpango. Mpwa wangu, fundi bomba, nilimlea mimi tangu hajui kufunga kamba za viatu, dada akiwa kazini mbali. Bado nasikia viatu vile vikiburuzwa koridoni. Kesho nitachora mstari kutoka kwangu hadi kwake. Brashi nimeificha ndani ya soksi.

Jumatano, 5 Machi
Nilipanda kigoda. Kigoda kikayumba. Mstari ulianza vizuri, ukaporomoka nami, ukatua kwa shangazi wa baba. Kwa mujibu wa ukuta, nimemzaa bibi kizee! Dada alinikuta sakafuni. Alicheka kwanza, akaniinua baadaye. Akauliza tangu lini mjomba anazaa. Nikamjibu kwamba kuzaa alizaa yeye, ila homa za mtoto nilikesha nazo mimi. Akaenda kuosha brashi.

Alhamisi, 6 Machi
Dada amemwita mwanawe, akamsimulia yote. Mpwa aliutazama ukuta, akanawa mikono.
"Mjomba, si ungeniambia? Mwenye ngazi ni mimi."
Dada akashika ngazi. Mpwa akachora mstari wangu kando ya ule wa mama yake, na kona safi kama ya bomba. Dada akatamka kwamba siku yangu ikifika ataandika ob. tu, bila d.s.p.. Machozi yalinitoka. Nikasingizia rangi.

Ijumaa, 7 Machi
Sijalala vizuri hivi miaka mingi. Nimeutazama ukuta asubuhi nzima. Mstari wa dada hadi kwa mwanawe, ambao bado hajaupaka upya, ni mwembamba, umechakaa, kitambaa chenye maji kinautosha. Ukifutika, chini ya jina lake pana nafasi nzuri ya herufi tatu.
Brashi imerudi kwenye soksi.