Jibu ni B

Gizani, kabla hata majogoo hawajaamka, sahani ya bati ililia chini ya kitanda: trrr, trrr. Huwa naiweka simu juu ya hiyo sahani ili itetemeke kwa kelele kidogo, ya kuniamsha mimi bila kumwamsha binti yangu, mwenye miaka sita na masikio ya mlinzi. Nikajifunika shuka gubigubi, nikafanya mtihani wa majaribio. Maswali sitini. Nikapata tisini na nane kwa mia. Nilitaka kupiga vigelegele, nikauma mto.

Mtihani wenyewe ulikuwa siku ileile, Jumamosi, saa nane mchana. Ni wa usalama wa wingu, yaani zile kompyuta za mbali ambazo kampuni hukodi nafasi ndani yake badala ya kununua za kwao. Nikifaulu, ofisini wananitoa kwenye zamu ya usiku ya kupokea simu za wateja wenye hasira, wananipeleka kitengo cha usalama, mchana. Hapo binti yangu ataacha kulala kwa jirani siku nne kwa wiki. Nikifeli, nafasi anapewa mwingine. Basi.

Saa tatu asubuhi nikamshika mkono, tukaenda kijiweni. Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la fundi cherehani, tunayemwita Sindano. Tulimkuta anasoma habari kwenye simu yake, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Kampuni moja imeacha taarifa za wateja laki tatu wazi mtandaoni! Majina, anwani, mpaka maradhi yao! Kila mwenye simu kachungulia!"

"Mie sijachungulia," akasema Waziri, kwa uchungu wa mtu aliyekosa mwaliko wa harusi. Waziri hajawahi kushika wizara yoyote. Alichowahi kuongoza ni kikao cha wapangaji, nacho kilivunjika kabla ya ajenda ya pili. "Lakini hao wenye wingu wafungwe! Unampa mtu mzigo akutunzie, yeye anauanika!"

"Wafungwe wenye kampuni," Sindano akajibu. "Mzigo wao."

"Wewe kata vitambaa, siasa tuachie."

"Na wewe hiyo suruali uliyovaa hujaichukulia ruhusa, bado ina pini."

"Hebu nyamazeni!" Huyo ni muuza kahawa, Shangazi Breki. Jina kalipata kwa kuwa ni yeye tu anayeweza kumsimamisha Waziri akishaanza mteremko. "Msomi si huyu hapa? Mama Wingu, kosa la nani?"

Nikaweka kikombe chini kwa madaha yote niliyonayo.

"Hilo ni swali la kumi na saba. Jibu ni B."

Wakaningoja niendelee. Mimi nilikuwa nimemaliza.

"B ndiyo nani?" Waziri akauliza.

"B ni... B. Ipo chini ya A."

Benchi lilicheka mpaka likasogea. "Jamani, mhalifu kapatikana!" Waziri alikuwa anajipiga mapaja. "Laki tatu wameanikwa, askari wanazunguka mitaani wanamtafuta Bwana B! Mrefu, mweusi, anapenda kukaa chini ya A!"

Sindano hakucheka sana. Akaichukua simu yangu, akavaa miwani, akafungua yale majaribio. "Tufanye hivi. Nitakusomea majibu kuanzia la chini kwenda juu, na herufi sikutajii."

Akanisomea maswali matano. Nikapata moja, na hilo nalo nilibahatisha.

"Huu mtihani umeufanya mara ngapi?" akaniuliza.

"Huohuo? Mara kumi na mbili."

"Mwanangu," Shangazi Breki akasema taratibu, "hayo umeyazoea sura tu, kama wateja wangu. Nawajua wote, ila ukiniuliza wanaishi wapi, sijui."

Nikamtazama binti yangu, alikuwa anapanga vifungo vya Sindano kwenye ukingo wa kibaraza, vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo. Saa tano zimebaki. Nikasema labda nisiende kabisa, kuliko kwenda kuaibika.

"Huendi wapi?" Shangazi Breki akaninyooshea kidole. "Kaa hapo. Waziri, mweleze redio yako ilivyoibwa."

"Tena mbele ya mtoto?"

"Eleza."

Waziri akashusha pumzi. "Redio yangu iliibwa kwa uzembe wa mwenye nyumba. Nimekodi chumba kwake, alinde! Full stopu."

"Mwizi alivunja geti?" nikauliza.

"Hapana."

"Alitoboa ukuta?"

"Ukuta mzima."

"Sasa alipita wapi?"

Waziri akakuna shingo. "Dirishani."

"Dirisha alilifungua nani?"

"Kulikuwa na joto!"

Sindano akaangusha mkasi kwa kicheko. Lakini mimi nilikuwa nimesimama, na kahawa imenimwagikia kidoleni sijali. "Ukuta na geti ni vya mwenye nyumba! Dirisha ni la mpangaji! Mwenye wingu analinda jengo na mitambo, kampuni inalinda ilichoweka ndani na nani anakifikia. Wale laki tatu waliachiwa dirisha na kampuni yenyewe!"

"Kwa hiyo mimi ndiye B?" Waziri akauliza, sauti imepungua.

"Wewe ndiye B, mjomba. Hongera."

Baada ya hapo hakuna aliyeuza wala kushona. Swali likija kwa maneno ya kitabu, tunalivua viatu kwanza. La kutoa ruhusa ndogo inayotosha kazi, nikamgeuzia Shangazi Breki: wifi yake akija kumshikia biashara, anampa funguo gani?

"Ya sanduku la vikombe. Ya chumbani ya nini?"

"Na akiondoka?"

"Narudishiwa mkononi. Wifi namjua mimi."

La kuweka kumbukumbu za nani kaingia na lini, tukamtumia mke wa Sindano, ambaye hahitaji mtambo kujua mumewe karudi saa ngapi. Waziri alikuwa mkali kuliko wasimamizi wote wa mitihani. Kila nikitaja herufi ananipiga kofi la hewa. "Sitaki herufi! Nieleze kama mimi mjinga!" Na Sindano akamjibu kwamba hilo halihitaji maelezo.

Saa saba nikamwachia Shangazi Breki binti yangu, nikaenda. Kwenye chumba cha mtihani majibu yalikuwa yamepangwa upya yote, maswali yamevaa nguo ambazo sijawahi kuziona. La tatu tu, nikakwama. Nikafumba macho, nikamwona Waziri na joto lake, nikajibu. Nikaenda hivyo, dirisha kwa dirisha, mpaka mwisho. Kioo kikafikiri muda wa kuzaa mtoto wa pili, kisha kikaandika: umefaulu. Kwa alama chache sana juu ya mstari, lakini juu.

Niliporudi kijiweni nilikuwa nakimbia na viatu mkononi.

"Nimefaulu!"

"Kwa ushahidi gani?" Waziri akasimama, koti kalifunga vifungo. "Serikali hii haipokei maneno. Cheti kiko wapi?"

"Kimo kwenye akaunti yangu, ngoja."

Wote watatu wakaniinamia, vichwa vinagongana, Sindano na miwani yake mbele kabisa. Nikafungua simu, haraka imenizidi. Nikaandika, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa.

"Huyu ndiye mlinzi wa wingu?" Waziri akanong'ona.

"Mwacheni apumue!" Shangazi Breki akafoka.

Binti yangu akaviacha vifungo, akaja akapenya katikati ya magoti yao, akaona mama yake anahangaika, akaamua kunisaidia kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Neno la siri la mama ni jina langu na mwaka niliozaliwa."