Maji Yangu Hayana Mdudu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua imebandikwa getini. Mihuri miwili! Bibi afya atapita Alhamisi kupima maji ya kunywa katika majengo yote ya mtaa wetu. Jengo litakalofeli litafungiwa bomba.

Kabla sijamaliza kuisoma, mwenye jengo kapiga simu. Tangi nalisafisha? Nikamjibu kila mwezi, bila kukosa. Akasema vizuri sana, maana tukifeli nitamkabidhi Miwani funguo na chumba nitahama. Miwani ni msimamizi mwenzangu, wa jengo la mkabala. Anavaa miwani isiyo na namba ili watu wadhani amesoma. Chumba changu cha miaka tisa apewe huyo? Labda nife, na hata nikifa nitamzomea.

Nikajaza glasi, nikaiinua juani. Meupe pee! Nikaonja. Matamu. Nimekunywa maji ya miji minne mimi, ulimi wangu ni maabara. Mke wangu akasema vijidudu havionekani kwa macho. Nikamuuliza, kama havionekani, hao walioviona waliviona kwa kitu gani? Alikwenda kuchemsha maji yake ya kunywa. Anachemsha kila siku. Ubishi tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepanda kwenye paa. Mara ya mwisho nilipanda kufunga antena, na antena yenyewe imeshaoza. Mfuniko wa tangi umepasuka nusu, nusu nyingine ni kipande cha zulia. Ndani kuna utelezi wa kijani, manyoya ya njiwa na kandambili moja. Nimeitambua. Yangu! Niliitafuta mwaka mzima nikimtuhumu Miwani. Bado namtuhumu.

Kusafisha ni kazi ya siku nzima: umwage lita elfu tano, usugue, ujaze upya. Na wapangaji watajua kwamba ile “kila mwezi” ilikuwa lugha ya picha. Hapana. Mjinga husafisha tangi. Mwerevu husafisha kile kinachopimwa.

Kwa hiyo bomba la uani, ambalo mkaguzi yeyote atalikuta kwanza, nimelitenga na tangi na kuliunganisha kwa mpira na dumu la lita ishirini nililolificha juu ya dirisha la stoo. Dumu nimelijaza maji ya dukani, yale ya chupa zenye picha ya mlima. Nimeliita Bomba la Wageni.

Nikiwa bado na koleo mkononi, fundi cherehani wa ghorofa ya pili akaingia, binti yake mgongoni, wanatoka zahanati. Tumbo la kuendesha, mara ya tatu tangu mwaka uanze. Nikampa pole, nikamweleza kuwa hayo ni maembe mabichi. Akasema mtoto hajaonja embe. Nikasema basi kaliona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bibi afya kafika. Mdogo kuliko mihuri yake! Sanduku la barafu, glavu, vichupa vilivyofungwa. Kaniita mzee. Mimi! Nikameza, nikampeleka kwenye Bomba la Wageni kwa mikono miwili, kama nampeleka bibi harusi.

Akafungua. Yakatoka maji ya mlimani. Nikangoja akinge. Hakingi! Nikamkumbusha kuwa kichupa kiko mkononi mwake. Akasema maji huachwa yatiririke dakika tatu kwanza, yale yaliyolala bombani yatoke. Nani aliyemfundisha ufujaji huu? Dakika ya kwanza nilitabasamu. Ya pili jasho lilinitoka. Ya tatu bomba likakohoa, likacheua, likanyamaza.

Akaufuata mpira kwa macho, polepole, hadi dirishani, hadi kwenye dumu. Nikamwambia huo ni mtindo wa kisasa. Akasema asante mzee, twende juu.

Sampuli kaichukua kwa fundi cherehani, baada ya kuuchoma mdomo wa bomba kwa moto ili uchafu wa nje usiingie. Kisha akatia kidonge kwenye kichupa kingine. Maji yakigeuka waridi, alisema, yana klorini, ile dawa inayoua vijidudu. Tukayatazama. Yakatutazama. Hayakugeuka kitu.

Miwani alikuwa dirishani kwake, meno yote nje.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Majibu. Vijidudu vya kinyesi, na penye idadi wameandika “havihesabiki”. Nikajaribu kusema kwamba huenda aliyehesabu alikuwa na haraka. Bibi afya akaniambia niketi.

Akasema kinyesi cha njiwa kinaingia pale penye zulia. Mtu mzima ataumwa tumbo na kusahau. Mtoto mdogo huhara mpaka mwili unakauka, na wengine hawaamki. Akaniuliza jengo lina watoto wangapi. Nikahesabu kwa vidole, vidole vikaniishia. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena, wakabaki kumi na mmoja.

Atarudi Jumatatu kupima tena, nafasi ya mwisho. Hadi hapo kila mtu achemshe. Ameniachia karatasi ya maelekezo. Mistari miwili ya juu ni ya kusugua na kununua mfuniko. Wa tatu ni wa dawa. Nimeanzia wa tatu.

Jioni nimechemsha sufuria kubwa na kupeleka chupa mbili za chai zilizojaa maji kwa fundi cherehani. Nimesema ametuma mke wangu. Mtu wa hadhi yangu haonekani na huruma ovyo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siri nimeijua. Anataka waridi! Nitampa waridi mpaka aombe kupunguziwa.

Karatasi inasema dawa ipimwe kwa kijiko. Kijiko! Tangi la lita elfu tano! Hiyo ni dharau kwa tangi. Nimenunua kopo zima la kilo moja, nikalimimina lote, nikakung’uta na kitako. Macho yalitoka machozi kama ya msibani. Njiwa walihama bila kuaga.

Kisha nikapita mlango kwa mlango nikitangaza kuwa maji ya bomba yasinywewe wala kupikiwa, hata yaliyochemshwa, hadi nitoe ruhusa, kwa sababu bomba linapumzika. Maji ya kunywa nimewagawia ya dukani. Bibi wa ghorofa ya tatu akaniuliza bomba limechoka kwa kazi gani. Nikamwambia kwa kuwatumikia nyinyi. Akacheka hadi akashika ukuta.

Nimesahau kutaja kufua.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeamshwa na kelele. Fundi cherehani aliloweka usiku kucha kitambaa cha sare za shule, kama mafundi wafanyavyo kabla ya kukata, kisije kikasinyaa kikishashonwa. Jana kilikuwa buluu. Leo ni rangi ya wingu, tena wingu lenye mabaka. Akanieleza kwa utaratibu kwamba kwa tumbo la mwanawe alininyamazia, lakini kwa kitambaa cha watu nitamsikia. Nikamsikia. Mtaa mzima ulimsikia.

Saa nne bibi afya kaja. Mwenye jengo kaja kushuhudia. Miwani kaja bila kualikwa. Kidonge kikazama. Wekundu ukachungulia, ukapotea. Maji yakabaki meupe.

Mwenye jengo akasema sifuri tena. Mimi nikaruka! Nikaapa kwa sauti kwamba sifuri haiwezekani, kopo zima limo humo, la kilo, nimelikung’uta kwa mkono wangu!

Ulimi hauna mfupa.

Bibi afya akachukua matone machache ya maji yetu, akajazia maji yake safi, akatia kidonge kingine. Wekundu! Mzito, kama komamanga. Akaeleza kwamba klorini ikizidi kupita kiasi huichubua hata rangi ya kipimo. Nikauliza kwa upole, kwa hiyo vijidudu? Akasema hakuna hata kimoja, na hakuna kiumbe kitakachoishi humo, wewe mzee ukiwemo.

Mwenye jengo akanyoosha kiganja. Funguo.

Nilikuwa nimeshazitoa mfukoni, siandiki uongo. Ndipo fundi cherehani, na kitambaa chake cha mawingu begani, akamwambia mwenye jengo, ngoja. Huyu ni mwongo, akasema, lakini ndiye aliyemchemshia mwanangu maji ile Ijumaa. Kumbe mke wangu alishazikana zile chupa! Akasema asafishe tangi kwanza, kwa mikono yake, ndipo afukuzwe.

Mwenye jengo akatoa hadi Jumatano. Nikaapa nitamlipa fundi kitambaa, na Miwani akawa shahidi. Aibu juu ya aibu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Tumesafisha. Nasema tumesafisha kwa sababu Miwani alikuja na brashi ya mpini mrefu na maoni mengi. La kwake husafisha kila mwezi, kweli kabisa. Binadamu wa ajabu. Tumemwaga, tumesugua, tumesuuza, tumemwaga tena. Mgongo wangu una mambo ya kusema.

Mfuniko mpya upo, wenye kufuli. Njiwa mmoja alirudi, akatua juu yake, akatazama, akaondoka. Dawa kaipima bibi afya mwenyewe. Kiasi kile! Hata mchuzi hutiwa chumvi zaidi. Lakini kidonge kilipozama, maji yakageuka waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Sampuli imekwenda maabara.

Sijala vizuri.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Hakuna! Hakuna kijidudu hata kimoja! Mwenye jengo kasema nibaki na funguo, na chumba ni changu. Binti wa fundi cherehani alikuwa akikimbia uani leo, akanigonga tumboni kwa kichwa. Afya njema kabisa, naihisi hadi sasa.

Bibi afya ametuachia daftari. Kila mwezi nikishasafisha tangi, niandike tarehe na hali ya mfuniko, kisha nitie sahihi. Mwenye jengo atalikagua. Nimelipenda sana. Utaratibu ndio huu!

Wengine wangengoja mwezi hadi mwezi, wasahau, waaibike. Mimi nimeketi leo baada ya chakula nikiwa na kalamu mbili, buluu na nyeusi, ili siku zisifanane. Nimejaza mwaka mzima. Mfuniko mzima, mzima, mzima. Agosti nimeandika ulilegea kidogo, nikaukaza, maana ukweli lazima uwe na kovu.

Mke wangu kachungulia begani kwangu, akasema Februari haina tarehe thelathini. Nikamwambia anayesafisha kwa moyo habanwi na kalenda.