Marufuku ya Magurudumu

Ndugu wananchi, Kamati Shirikishi ya Mazoezi ya Familia ina furaha kutangaza kwamba uvivu umekomeshwa rasmi kati ya Kibera na Kawangware. Amri niliiandika mimi Katibu, na ninajivunia kila nukta yake.

Jumamosi ya uzinduzi, kila familia ingekimbia pamoja kutoka Olympic, huku Kibera, hadi Riruta Satellite, upande wa Kawangware, na barabarani kusionekane chochote chenye magurudumu. Ijumaa tukakusanya mikokoteni yote tukaifungia nyuma ya ofisi yetu pale Olympic.

Wesonga, muuza maji, alikuja na mkewe Sella na watoto wao.

"Mkubwa, bila mkokoteni tutakula nini?"

"Mtakula afya," nilimjibu kwa upole.

Sella akashika kiuno. "Huyu anavuta mbele, mimi na watoto tunasukuma nyuma, kila siku. Hiyo si mazoezi ya familia?"

"Hiyo ni kazi, mama. Mazoezi ni kutoka jasho bila kupata kitu."

"Kumbe mmetufanyisha mazoezi tangu uhuru!"

Nilimsamehe. Si kila mtu amesoma.

Jumamosi wananchi walifika Satellite mapema sana. Wengi wamezoea kutembea kwenda vibarua. Aliyekosekana ni mgeni wa heshima, Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Thuo, na bila yeye hakuna hotuba, hakuna kikombe cha mshindi, hakuna soda. Alikuwa bado Olympic nami, ndani ya gari lake, askari wetu wakiwa wamelizuia.

"Amri imesema chochote, mkubwa," askari alinikumbusha.

Mheshimiwa akashuka, akakimbia. Alipofika kibanda cha kwanza cha chipsi alishika nguzo, akaninong'oneza, "Katibu, nakufa."

Simu ikalia kutoka Satellite: "Leteni mgeni ama watu waende home!"

Nilitafakari kitaalamu, kisha nikamwendea Wesonga, aliyekuwa bado ameketi na familia yake nje ya ofisi yetu akilinda mkokoteni wake.

"Mkokoteni si mmeufunga nyinyi?" akasema.

Nilimfungulia mwenyewe, nikifafanua kwa askari kwamba mkokoteni ukisukumwa na familia si gari, ni kifaa cha mazoezi.

"Na mikokoteni zile zingine?" Sella akauliza, mkono juu ya mpini. "Aseme mwenyewe."

"Zote," Mheshimiwa akasema, ameshalala kati ya mitungi. "Leo na milele."

Tulipoingia Satellite mtu alipiga kelele, "Maji imefika!" Umati ukacheka hadi nami nikaona haya kidogo. Kikombe kilikuwa cha familia iliyotoka jasho pamoja kuliko zote, na majaji walikuwa na macho. Mheshimiwa akamkabidhi Wesonga papo hapo, bila kushuka.

Baada ya hotuba akajinyoosha tena kwenye mkokoteni. "Haya, turudi Olympic."

Sella akamwinua taratibu kwa kiwiko. "Mheshimiwa, kuja ilikuwa mazoezi. Kurudi ni kazi. Uko na kitu?"

Hakuwa na kitu. Pochi ilibaki garini. Wesonga akajaza mitungi yake, akaenda kuuza maji na familia yake. Mheshimiwa alirudi Olympic kwa mazoezi, nami nyuma yake nikimsukuma.