Gigabaiti Hamsini za Ushahidi

Jumatatu, 3 Juni
Nimewasha kompyuta, tangazo jekundu: faili lako la hifadhi linakaribia kujaa. Barua pepe za miaka tisa! Fundi wa kompyuta kaja na kikombe chake cha chai. Anasema limefika gigabaiti arobaini na nane, mwisho hamsini. Likizidi hapo linaharibika, halifunguki tena. Anataka nifute zisizo na maana, zitakazobaki nizigawe kwa miaka. Nifute! Humo mna ushahidi wangu wote dhidi ya Bi Tabasamu wa meza ya mbele. Na iwe wiki hii hii, sisi wawili tukigombea ukuu wa masijala? Nani kamtuma huyu fundi? Nimegeuka ghafla. Bi Tabasamu alikuwa anatabasamu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Ushahidi mzito nimejitumia mwenyewe upya, viambatisho na vyote, ili nakala ziwe mbili. Barua mia sita na kumi na mbili! Ikiwemo ile ya mwaka juzi, alimowashukuru wote kwa majina akaniruka mimi. Saa tisa nikaangalia: arobaini na tisa na nusu. Kumbe! Kuna mtu ananijazia faili. Nimemkimbilia fundi. Kachungulia, akasema mtumaji ni mimi. Nikamwambia ujanja wao ndio huo, wanatumia jina langu. Akamalizia chai yake, akaondoka. Anajua kitu.

Jumatano, 5 Juni
Nimeweka mtego. Kila nusu saa naipiga picha skrini, najitumia. Mchana sikwenda kula. Mke wangu kapiga simu kuuliza kama usaili umeshapangiwa siku. Nikamwambia ashushe sauti, hajui nani anasikiliza. Akakata.

Alhamisi, 6 Juni
Faili halifunguki! Limejaa, limekufa. Hakuna barua inayoingia wala kutoka. Saa nne kasorobo Bi Tabasamu kaja mezani kwangu.
"Kaka, hukupata barua ya meneja? Usaili ni saa nne. Twende wote."
Sauti laini, kama ya muuguzi aliyeficha sindano. Ninyanyuke, waje waikalie kompyuta yangu? Sikutikisika. Kaondoka, karudi.
"Nimewaomba wakusubiri robo saa, kaka. Inuka basi!"
Nimekishika kiti kwa mikono miwili.

Ijumaa, 7 Juni
Bi Tabasamu ndiye mkuu wa masijala. Meneja anasema walinisubiri mpaka wakachoka. Nyumbani mke wangu kaniuliza, "Baba Watoto, kompyuta imeshakufa, ulikuwa unalinda nini?" Nilikitaka cheo kile. Miaka tisa.

Jumatatu, 10 Juni
Fundi kalifufua faili! Kaligawa vipande tisa, kila mwaka na chake, vyote vyepesi. Kanionya nisijitumie tena hata barua moja. Nimeapa. Saa tano, barua ya kwanza ya mkuu wetu mpya: anataka niwe msaidizi wake, maana hakuna anayeijua masijala kama mimi. Wema huu wa nini? Nimeisoma mara saba. Kiapo ni kiapo, sijajitumia. Nimemtumia mke wangu, pamoja na zile za miaka yote tisa. Kisanduku chake cha barua pepe bado kina nafasi. Sasa hivi kapiga, anauliza kwa nini simu yake haiachi kulia.
Nimemuuliza nani kamtuma aniulize hivyo.